Sokwe Wana Kiatu Changu Kimoja

Wenzangu wa baraza, tangu nirudi mnaniuliza neno moja tu: "Abdalla, sokwe wakoje?" Nami hujibu, "Wana manyoya," kisha huagiza kahawa. Nyinyi mmechoka na jibu hilo, na mimi pia. Basi nimekaa nikaandika, maana nikisimulia kwa mdomo mtanikatiza kabla sijavuka Likoni.

Mwandiko usiwachekeshe. Chuo cha Qurani nilitoka kabla sijamaliza juzuu ya pili, na skuli niliiona kwa nje tu, nikipita na mzigo wa ngozi kichwani. Herufi nilizichukua ukubwani kwenye vibao vya maduka. Na bado, Alhamdulillahi, aliyetoka kibanda cha makuti Majengo akajenga ghorofa Kibokoni ni mimi. Makubadhi yangu yamevaliwa na masharifu na mabwana harusi wasio na idadi. Hakuna mguu wa maana kisiwani humu ambao sijaupima.

Niliwaambia nakwenda bara kutazama sokwe wa mwituni, niwe mtu wa kwanza wa Kibokoni kuwaona kwa macho yake. Sikusema uongo. Nilisema nusu.

Nusu ya pili ni ndugu yangu mkubwa, Athmani. Wakubwa wenu wamkumbuka. Vijana hata jina hamlijui, na kosa hilo ni langu. Aliondoka Mombasa miaka ishirini nyuma, siku ya tatu baada ya harusi yangu, na tukapata habari baadaye kwamba amekuwa mlinzi wa wanyama kwenye msitu wa sokwe, kando ya ziwa huko Kigoma. Kila Idd, Mama alikuwa akiuliza: "Athmani hajaleta salamu?" Idd iliyopita hakuuliza. Nikangoja siku ya pili, ya tatu. Ya nne nikaenda chumbani kwake nikamwuliza mwenyewe.

"Mama, mbona mwaka huu hukumtaja Athmani?"

"Nimeshamsomea," akasema.

"Umemsomea nini?"

"Khitma. Moyoni mwangu. Mwanangu alikufa, nimeshamsomea."

"Mama, Athmani yu hai!"

"Aliye hai huja."

Nikamwambia nitakwenda kumleta. Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayekagua samaki wa jana. "Kwa mdomo huo? Mdomo wako umejenga nyumba, Abdalla. Haujarudisha mtu."

Basi ndiyo safari yenyewe.

Likoni mpaka Dar es Salaam

Nilivuka na kikapu kimoja na bahasha moja ya turubai, ule mfuko wa safari. Kwenye kikapu: mahamri, mkate wa kumimina, samaki wa kukaanga, achari ya ndimu. Kwenye bahasha: kanzu mbili na jozi ya makubadhi niliyoyashona kwa mkono wangu wiki nzima, ngozi ya ng'ombe chini, ya mbuzi juu, mshono wa safu tatu. Jozi hiyo ilikuwa ya Athmani. Miguu yake sikuhitaji kuipima. Ni yangu, imezidi kidole.

Basi lilikwenda vizuri mpaka Tanga, ambako lilivunjika springi. Tukakaa siku nzima chini ya ukuta wa gereji. Fundi wa pale alikuwa amevaa viatu vya mpira wa gurudumu, nikamweleza kwa upole kwamba anautesa mguu wake.

Akasema, "Mzee, nikivaa hayo yako, oili itayala kwa siku moja."

Nikamwambia makubadhi yangu hayaliwi na kitu. Kumbukeni maneno hayo.

Gari la moshi

Dar es Salaam sikukaa. Niliswali, nikala wali, nikapanda gari la moshi la kwenda bara. Behewa letu lilikuwa la watu sita. Mbele yangu alikaa Msukuma mmoja, jina lake Masanja, mrefu, kofia ya sufu kichwani na joto lile, anarudi kwao kupitia Tabora.

Tulipopita Morogoro nikafungua kikapu, na kama ilivyo desturi nikasema, "Karibuni."

Nyinyi mwajua maana yake. Kwetu mtu akila, husema karibu. Na wenziwe hujibu "Starehe," wakatazama dirishani. Hiyo ndiyo heshima, imekwisha. Wallahi, Masanja alisema, "Asante sana, baba," akasogea, akanyosha mkono, akachukua hamri. Wa pili akasogea. Wa tatu alikuwa mama na mtoto mgongoni, akamega samaki akampa mtoto kwanza. Mimi nimeshika kifuniko cha kikapu, mdomo wazi. Nikasema tena "Karibuni," kwa ukali kidogo, nikidhani watatahayari. Wakazidi kula!

"Mwarabu," Masanja akaniambia, "mikate yenu mitamu."

"Mimi si Mwarabu. Mimi Mswahili wa Mombasa."

"Basi Mswahili. Ile ya ndimu ni kali, lakini nayo nzuri."

Kufika Dodoma kikapu kilikuwa na makombo na harufu ya achari.

Sasa sikizeni. Mbele ya Dodoma mvua ilikuwa imesomba udongo chini ya reli. Gari likasimama kwenye kituo kidogo chenye taa moja na mbuzi watatu, tukaambiwa tungoje. Tukangoja usiku, na kutwa ya pili. Adhuhuri, mimi mwenye ghorofa Kibokoni nilikuwa sina kitu tumboni ila maji. Wanawake wa pale walileta kuku wa kuchemsha na ugali, vikanunuliwa mbio mbio. Mimi sikuchupa; niliona haya kusukumana.

Masanja alikuwa amekaa kivulini na wenziwe watatu, bakuli katikati. Akaniona. Akapiga kelele, "Mswahili! Njoo ule!"

"Starehe," nikajibu, nikageukia reli.

Akaacha chakula akaja aliposimama mwenzenu. "Nyinyi watu wa pwani," akasema, "mtu akiwaambia njoo ule, mnasikia usije?"

"Ni heshima, bwana."

"Heshima hailiwi. Na kule kwenu, mkimtaka mtu aje hasa, mnafanyaje?"

Nikafikiri. "Tunamshika mkono."

"Basi lete mkono."

Akanishika, akanivuta kama anayevuta ndama, akanikalisha. Nikala. Ule ugali, ndugu zangu, mpaka leo nausikia.

Na nikiwa na tonge mdomoni nikakumbuka siku ya harusi yangu. Wakwe zangu walikuwa watu wakubwa wa Kibokoni, na mimi nilikuwa sinia moja nao, kanzu mpya, nimenyooka. Athmani akaingia ametoka kazini. Mikono yake ilikuwa myekundu kwa rangi ya magome tunayotilia ngozi, ile isiyotoka kwa sabuni. Akakaa kwenye sinia la mlangoni, akatandaza mikono angojee maji. Mwenye birika akampita. Alidhani ni mchukuzi. Athmani akanitazama. Mimi nilimwona vizuri. Ningeweza kuinuka, nikamshika mkono, nikamleta kwenye sinia langu. Badala yake nilimwambia kwa mbali, kama mtu anayemwambia mpita njia: "Karibu, karibu!"

Akasema, "Starehe." Akanyanyuka hajanawa, akatoka.

Miaka ishirini nilikuwa nikijiambia, "Si nilimkaribisha?"

Kigoma na ziwa

Reli ilipotengenezwa tulikwenda mpaka Tabora, ambako Masanja alinivunja mbavu kwa kunikumbatia akabadili gari. Kutoka hapo ni miti, mabwawa, na miti tena, mpaka reli inapokwisha kwenye maji. Kigoma ni mji wa milima midogo na dagaa. Dagaa wameanikwa kila mahali, na hewa yenyewe ina chumvi ya mchuzi.

Nikapata mtumbwi wa mashine unaopeleka unga kaskazini. Mwenye mtumbwi akaniuliza nakwenda kwa nani.

"Kwa Athmani, mlinzi wa sokwe. Mimi ndugu yake."

Akacheka. "Athmani hana ndugu. Mwenyewe alituambia."

Nikakaa juu ya gunia. Kwa saa tatu tulifuata ukingo wa ziwa, milima imesimama upande wa kulia, na kila bonde lina msitu mzito unaoshuka mpaka mchangani. Niliona aibu hata mbele ya magunia ya unga.

Athmani alikuwa ufukoni, nguo za kaki, ndevu nyeupe. Nikashuka na maji magotini, nikambusu mkono. Akauondoa upesi, kama wafanyavyo wakubwa, lakini nilihisi aliuondoa upesi zaidi ya kawaida.

"Umenenepa," akasema.

Mkewe, Shemeji Tatu, mtu wa huko huko, alitupikia ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, kwa mafuta ya mawese mekundu. Kanzu yangu ikapata doa ambalo bado lipo. Nikatoa makubadhi. Athmani akayageuza, akapitisha kidole gumba juu ya mshono wangu wa safu tatu, ule unaosifiwa mpaka Lamu.

"Bado unavuta uzi kushoto," akasema, akayaweka juu ya sanduku.

Nikasema, "Mama akusalimu. Karibu nyumbani, kaka."

"Inshallah."

Mimi na nyinyi twazijua Inshallah zote mbili. Hiyo ilikuwa ile ya pili.

Msituni

Asubuhi akanichukua kuwaona. Yeye mbele, miguu mitupu na panga. Mimi nyuma na makubadhi yangu.

"Vua hivyo. Vitakuangusha."

"Hivi? Hivi nimeshona mwenyewe!"

Hatukwenda mbali nikateleza kwenye mzizi, nikashuka mteremko kwa makalio mpaka kijitoni. Athmani akangoja nipande, hakucheka. Nikavua, nikavishika mkononi.

Msitu ule, wenzangu, si kama mikoko yetu. Jua haliingii, linachuja. Majani yanadondosha maji na mvua imekatika tangu alfajiri. Athmani akanionyesha juu kwenye uma wa mti vitanda vyao, matawi yaliyokunjwa yakafumwa. Kila jioni, alisema, kila mmoja hujitandikia kipya. Mara nikasikia kelele, hoo, hoo, hoo, inapanda na kupanda mpaka inakuwa mayowe, na kishindo kama watu wanapiga ngoma kubwa. Nikaanza Ayatul Kursiyyu kwa sauti.

"Wanapiga mizizi ya mti kwa miguu," akasema Athmani. "Wanaambizana wapo wapi. Soma, lakini polepole."

Tukafika kwenye kichuguu. Akanibonyeza bega nikae. Sokwe wawili walikuwa pale, hatua ishirini tu, mmoja mzima wa mwili, mwingine mdogo. Yule mkubwa alitutupia jicho, akaona kaki ya Athmani, akaendelea na shughuli zake.

"Ndugu hao," Athmani akanong'ona. "Mama mmoja."

Mkubwa alivunja kijiti. Akakipukutisha majani kwa midomo, akakitazama, akang'ata ncha iliyopinda akaitema. Mimi nikajisogeza mbele bila kujua. Hiyo ni kazi ya fundi! Hivyo ndivyo tunavyoandaa uzi kabla ya kuupaka nta: unaupitisha, unautazama, unakata ncha mbovu. Akakitia tunduni, akangoja, akakitoa taratibu kimejaa mchwa, akawapangusa kwa midomo.

Mdogo alikaa amemgusa goti, hatazami kitu kingine. Akachukua kijiti chake, kinene, hakikuingia. Akachukua kingine, kikakatika. Mwisho akapeleka mkono akakamata kile cha mkubwa. Nikasema sasa atapigwa kofi. Mkubwa akakiachia. Akavunja kingine, akaanza upya, na mdogo akatia kile kilichokwisha kutengenezwa, na mchwa wakatoka.

Nilikuwa na miaka tisa. Chumba cha Majengo, Baba amekufa, na Athmani amekaa juu ya kigoda na shazia, ile sindano kubwa ya ngozi. Mimi nimemgusa goti. Sindano zake nilivunja ngapi! Akanipa yake, akanoa nyingine.

Mbele ya nyinyi nyote, kwa miaka, nimesema: "Sikufundishwa na mtu."

Nikamwambia pale pale, kwa kunong'ona, "Kaka, mimi huwaambia watu nilijifundisha mwenyewe."

"Najua. Habari hupanda gari la moshi."

Hapo yule mdogo akaja. Nilikuwa nimeyaweka makubadhi yangu kwenye jani, na jasho langu la safari nzima limekauka juu yake. Akayanusa. Akalamba moja. Akanitazama usoni, na wallahi ule ulikuwa uso wa mteja aliyeridhika, akalitia mdomoni akaruka nalo mtini.

"Hee! We! Kiatu changu!"

"Kaa!" Athmani akanivuta kanzu. "Anataka chumvi."

Huko juu akakaa anatafuna mkanda, ule wa ngozi ya mbuzi. Mshono wa safu tatu ukaanza kuachia, upande wa kushoto. Athmani akautazama. Bega lake likaanza kutikisika. Akajiziba mdomo kwa kofia, machozi yakamtoka.

"Nilikwambia," akasema alipopata pumzi, "unavuta kushoto!"

Tukacheka mpaka sokwe wakahama.

Stesheni ya Kigoma

Mngesema mambo yamekwisha hapo. Hayakwisha. Kuteremka nikamwambia tena, "Karibu Mombasa, kaka," naye tena, "Inshallah." Kucheka ni kucheka. Siku tatu zilipita hivyo, na siku ya gari akanisindikiza kwa mtumbwi, yeye na Shemeji Tatu. Nilivaa viatu vya mpira nilivyonunua sokoni Kigoma; msimwambie yule fundi wa Tanga.

Kikapu changu nilikiweka ndani ya behewa, na bahasha. Nikashuka tuagane. Kengele ikapigwa. Athmani akanyosha mkono, "Haya, safari njema. Msalimie Mama." Nikaushika, na nikakumbuka kivuli kile na bakuli la ugali.

Sikuuachia.

"Abdalla, gari."

"Siku ile nilikuona," nikasema. "Birika lilikupita, nikaona. Nikakwambia karibu kwa mbali kwa sababu nilionea haya mikono yako. Na mikono hiyo ndiyo iliyonifundisha."

"Niachie mkono, watu wanatazama."

"Watazame. Mama amekusomea khitma, kaka. Anasema aliye hai huja."

Hapo akaacha kuuvuta mkono. Gari likapiga honi, likaanza kujivuta. Watu wakaniita madirishani: Mzee, panda! Nikakaza mkono. Gari likaenda na kikapu changu, na bahasha yangu, na kanzu yangu safi.

Athmani akalitazama mpaka likapotea. "Sasa utalala wapi, mpumbavu wewe?"

"Kwako."

"Gari jingine si kesho."

"Na likija nalo, nitakushika hivi hivi."

Shemeji Tatu akadakia, "Athmani, kila gari likiingia wewe hutuma mtu kuuliza kama kuna aliyetoka Mombasa. Sasa katoka. Nenda, bwana. Sokwe hawatakwisha."

Akaomba ruhusa kazini. Siku zile za kungoja tulikaa ukumbini kwake, nikayafumua yale makubadhi aliyoyaweka juu ya sanduku, nikayashona upya mbele yake. Alinikosoa mara nne. Alipoyavaa ndipo nikajua anakuja.

Kibokoni

Kurudi sina la kusimulia, ila kwamba katika behewa nilisema "Karibuni" nikiwa nimejua ninachosema, na watu wakala mpaka wakashiba.

Tuliingia nyumbani mchana. Sikutangulia kupiga kelele, na mwajua hilo kwangu si jambo dogo. Nilimwambia mke wangu aandae sinia, tukalitandika chumbani kwa Mama. Athmani akaingia akaketi. Mama akamtazama muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe wangoja nini? Mnawishe nduguyo."

Nikachukua birika na beseni, nikapiga magoti. Athmani akatandaza mikono. Ile rangi ya magome imekwisha kutoka, miaka ishirini. Sasa mikono ina mikwaruzo ya miiba. Nikamimina. Akafikicha, nikazidi kumimina, maji yakajaa beseni yakamwagika kwenye mkeka, na mimi sioni vizuri ninachofanya.

Mama akanishika mkono wenye birika.

"Basi, Abdalla," akasema. "Maiti ndiye aoshwaye hivyo. Huyu yu hai, mwache ale."